Ushuhuda wa Figo

Kwa miaka ishirini na miwili Selestina alikula jasho la ulimi wake. Pale Mwigobero, kwenye mwalo wa Musoma, sangara waliopasuliwa hulazwa kwenye chumvi siku kadhaa kabla ya kuanikwa, na mtu wa kusema kama chumvi imeingia alikuwa yeye. Alipenyeza kidole kati ya mfupa na mnofu, akakilamba, akatema pembeni, akasema, "Hawa bado, hadi keshokutwa." Wenye mzigo walingoja hadi keshokutwa. Hakuna aliyebishana na ulimi wa Mama Stellah. Mchana alikula walichokula wenzake: ugali wa muhogo na mchuzi wa vipande vilivyokatikakatika, ambavyo havikuhitaji kuongezwa chumvi.

Miguu ilipoanza kuvimba hakushtuka sana. Wanawake wengi wa mwaloni walikuwa na miguu mizito kwa sababu ya kusimama kutwa. Alishtuka siku uso ulipovimba, akaamka asubuhi macho hayafunguki. Hospitalini Musoma, tabibu mmoja mpole aitwaye Samwel alimpima presha mara tatu, akachukua damu na mkojo, kisha akavuta kiti karibu.

"Figo zako zimechoka, mama. Presha ndiyo imezichosha, na chumvi nayo imeipandisha presha. Nakupa vidonge vya aina mbili. Hivi hutaviacha mwenyewe hata ukijisikia mzima. Na kazi ile uiache."

"Niiache? Mimi nalambaga tu, baba, simezi."

"Umelamba tangu lini?"

Selestina akahesabu kimoyomoyo.

Kazi akaiacha. Alihamia Bunda, Manyamanyama, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, ukuta kwa ukuta na wifi yake Jenoveva. Jenoveva ndiye aliyemuuguza. Alimwogesha, alimshika mkono kwenda chooni, alimpikia mboga isiyo na chumvi na kukaa naye hadi aimalize, akimtania kwamba uso wake sasa umekuwa kama wa bibi harusi aliyelia wiki nzima. Na wiki ile ile Jenoveva alimletea kopo.

Ndani ya kopo mlikuwa na unga wa rangi ya zambarau, wa rosela na mlonge na mimea mingine ambayo majina yake hayakuandikwa kwa Kiswahili. Jenoveva alikuwa amehudhuria mkutano wa dawa lishe, akarudi na neno moja alilolitamka kwa uangalifu kama mtu anayebeba yai.

"Antioksidanti, wifi. Mwili huu unaingia kutu, kama bati la nyumba. Figo ndizo zinazoingia kutu kwanza. Sasa hii inakwangua kutu."

"Na vidonge vya hospitali?"

"Meza tu, mimi nimekukataza? Ila hivyo vinatuliza. Hii inaponya."

Selestina alimeza vyote. Baada ya wiki sita uvimbe ulikuwa umeisha. Alitembea mwenyewe hadi sokoni na kurudi. Majirani walitoka milangoni kumwangalia.

Jumapili iliyofuata jumuiya yao ilisali uani kwa Jenoveva, na ulipofika wakati wa shuhuda Selestina alisimama. Kabla ya hapo, wakipanga viti, Jenoveva alikuwa amemwambia jambo moja dogo. "Mambo ya vidonge usiyataje. Vidonge kila mtu anameza, na bado watu wanakufa. Utawachanganya." Selestina hakuona ubaya. Alisimama akasema alikuwa mtu wa kubebwa na leo anatembea, na kilichomsimamisha ni Mungu na kopo lile. Sauti yake ilitetemeka kwa furaha, maana furaha ilikuwa ya kweli. Jenoveva alikuwa ameishika simu juu, anarekodi.

Sauti ile ya dakika nne ilisafiri kuliko Selestina alivyowahi kusafiri. Ilifika Guta, ikafika Musoma, ikafika Sirari mpakani. Watu wasiomjua walianza kumwita Mama Ushuhuda. Walikuja na wagonjwa wao wakae naye sebuleni, wamwone. Makopo yalipangwa mezani, na ilibidi anywe mbele yao, kwa sababu mgeni ambaye hakuona akinywa aliondoka na mashaka. Alikunywa asubuhi, mchana na jioni, mwaka wa kwanza na wa pili. Mwaka wa tatu miguu ilirudi.

Hakumwambia mtu. Alishonesha magauni yanayofika chini na kujifunga kitenge juu yake. Alhamisi moja kila mwezi alimwambia Jenoveva anakwenda Mwigobero kuwasalimu wenzake wa zamani, kisha akashuka Musoma na kwenda moja kwa moja hospitalini, akakaa kwenye foleni ameinamisha kichwa, akiomba asitokee mtu wa kumtambua. Vidonge alivificha kwenye kibuyu cha mbegu za maboga. Wakati mwingine nyumba ilijaa wageni tangu alfajiri na hakupata nafasi ya kukifikia kibuyu, siku ikapita hivyo hivyo. Alikuwa mgonjwa katika nyumba ambayo kila mtu alikuja kumwona alivyopona.

"Mama, kreatinini imepanda tena," Samwel alimwambia Alhamisi ya mwezi wa tano. "Maana yake figo zinazidi kushindwa kuchuja. Na safari hii potasiamu nayo iko juu. Unakula nini? Ndizi nyingi? Parachichi?"

"Nakula ugali, baba. Na dagaa kidogo."

"Hunywi dawa za mimea?"

"Hapana." Kisha, akiangalia mikono yake, "Nina jirani ananywaga antioksidanti. Anasema inaondoa kutu ya figo."

Samwel hakucheka. Aliweka kalamu chini. "Habari ya kutu siyo uongo, mama. Figo inayoumwa inazalisha aina fulani ya uchafu unaoichoma yenyewe, na wataalamu wanatafuta dawa ya kuuzuia. Yapo majaribio yaliyotia moyo. Yapo mengine yaliyosimamishwa wagonjwa walipoanza kudhurika. Mpaka leo sijaona popote wanaposema mtu aache vidonge vya presha anywe unga. Na unga wenyewe wa majani una potasiamu nyingi. Mwenye figo nzima anaikojoa. Mwenye figo mbovu inabaki kwenye damu, ikizidi inasimamisha moyo. Mwambie jirani yako aje na kopo tulione."

"Nitamwambia."

"Mama, na wewe ulipopata nafuu ile ya kwanza, ilikuwa vidonge na kuacha chumvi. Ulikuwa umekula chumvi miaka ishirini. Mwili ulipumua."

Selestina alitoka na karatasi yake ya majibu imekunjwa mara nne. Ulimi uliokuwa ukitambua chumvi ilipopungua kidogo tu ndani ya mnofu wa samaki haukuwa umegundua jambo kubwa kiasi hicho kuhusu mwili wake wenyewe. Alidhani angebaki na aibu hiyo peke yake hadi mwisho. Angeendelea kunywa kidogo, akimwaga kinachobaki kwenye migomba, na siku moja angekufa watu waseme ni uzee.

Halafu binti yake Stellah alipiga simu kutoka Butiama.

"Mama, Baba Lucy ameacha dawa. Wiki ya saba hii."

Yusto, mume wa Stellah, alikuwa na sukari tangu kabla binti yao Lucy hajaanza shule. Alikuwa na duka la dawa za mifugo na mwenyewe alijua habari za vipimo na dozi, lakini kaka yake alikuwa amekufa wiki ya tatu tangu aanze kusafishwa damu kwa mashine, na tangu hapo aliitazama mashine ile kama muuaji. Sasa Samwel, aliyemtibu yeye pia, alikuwa amemwambia kwamba sukari imeziharibu figo zake na siku ya kuihitaji mashine haiko mbali. Yusto alirudi nyumbani, akaiweka kando mifuko ya vidonge, akafungua kopo.

"Nimemwambia aache. Anasema hamsikilizi mtu wa kuambiwa na vitabu, anamsikiliza mtu aliyepona. Ana sauti yako kwenye simu, mama. Anaisikiliza kama redio. Na uso umeanza kujaa."

Selestina alikaa kitandani. Nyumba ilikuwa kimya, isipokuwa Jenoveva upande wa pili akitwanga kitu.

"Ngoja," alisema. "Nitamtumia nyingine."

Alirekodi siku hiyo hiyo, chooni, mlango umefungwa. Alisema yote: vidonge, chumvi, miguu iliyorudi. Kesho yake Stellah alimpigia tena. Yusto alikuwa ameisikiliza hadi mwisho na kuguna. Alisema sauti ya kwanza ni ya mtu mwenye furaha, na hii ya pili ni ya mtu aliyefundishwa cha kusema. Alisema mke wake amemlilia mama yake hadi mama wa watu amekubali kujisingizia.

Ndipo Selestina alipokwenda upande wa pili wa ukuta. Jenoveva alikuwa anatwanga karanga. Alisikiliza bila kuacha mchi, kisha mchi ukasimama hewani.

"Umekuwa ukienda hospitali?"

"Kila mwezi."

"Na Mwigobero?"

"Sijafika Mwigobero mwaka mzima."

Jenoveva alikaa chini, miguu ameinyoosha. "Mimi niliyekuogesha, Selestina. Mimi niliyekulisha kwa kijiko. Ulipovimba uso nani alikaa nawe? Hospitali?"

"Ni wewe, wifi."

"Basi umenifanya mimi tapeli wa Bunda nzima. Mimi mwenyewe nakunywa! Mama yangu nilimpa hadi siku anafariki. Unadhani nilitaka kumuua mama yangu?"

"Sijasema hivyo. Naomba tuifute ile sauti."

"Nifute nini? Nikiifuta kwangu, na huko Sirari nitaifutaje?" Alichukua mchi tena, akautazama kama hajui kazi yake. "Nenda kamwokoe mkweo. Ila ukitoka hapa kusema hayo maneno, usiwaambie kwamba mimi nilijua umeanza kuvimba tena. Sikujua."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuuma Selestina njia nzima. Alishuka Makutano, akapanda bodaboda hadi Butiama, karatasi zake za hospitali zikiwa kifuani ndani ya nguo.

Kwao, mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawakalii kiti kimoja, na mama mkwe hapiti kizingiti cha chumba anachokaa mkwe wake. Wakikutana njiani mmoja huingia vichakani. Lucy alipozaliwa, Selestina alikuja kumwogesha mjukuu na kulala kwa jirani. Kwa miaka kumi na mitano alimjua Yusto kwa kikohozi na mgongo tu. Alimpenda kwa sababu hakuwahi kumsikia akimfokea Stellah.

Alikaribishwa jikoni, kijumba cha matofali nyuma ya nyumba kubwa. Dirisha la sebule lilikuwa hatua sita kutoka hapo, liko wazi. Yusto alikuwa ndani na rafiki yake Ryoba, wanacheza drafti. Selestina alitumia njia inayoruhusiwa: alimwambia Stellah kwa sauti ya kufika dirishani.

"Mwambie Baba Lucy nimemsalimu."

"Mwambie mama nimeitika," sauti ikajibu kutoka ndani, nzito, yenye pumzi fupi. "Na mwambie ajisikie nyumbani."

"Mwambie nimekuja kwa habari ya kopo. Nilisema nusu. Vidonge sikuvitaja."

Kete moja ikasikika ikigongwa kwenye ubao.

"Mwambie mama namheshimu sana. Lakini amenipa maneno mawili. La kwanza alilisema mbele za watu, anafurahi, hakuna aliyemwomba. La pili amelisema baada ya mke wangu kulia kwenye simu. Aniambie mwenyewe niamini lipi."

"Hilo la pili," Selestina alisema, akisahau kulipitisha kwa Stellah.

"Mwambie na mimi ningekuwa mama mkwe ningesema hivyo hivyo," Yusto alijibu, na Ryoba akacheka. "Yusto, cheza," alisema Ryoba, "hawa wanawake watakumezesha vidonge hadi utoe mlio ukitembea."

Yusto alianza kucheka pia, lakini cheko likageuka kikohozi na kikohozi hakikuisha. Stellah aliweka mwiko chini akatazama dirishani. Kilipoisha, Selestina alisikia pumzi zikivutwa moja moja, kwa mbali, kama mtu anayevuta kamba ndefu. Aliijua pumzi hiyo. Alikuwa nayo mwenyewe kila alipopanda ngazi za hospitali.

Alisimama.

"Mama, unakwenda wapi?"

Hakujibu. Alivuka zile hatua sita, akazunguka hadi mlango wa mbele, akavua ndala, akaingia.

Ryoba alikuwa wa kwanza kumwona. Aliinuka haraka hadi ubao wa drafti ukapinduka. "We mama! Mama mkwe! Yusto, funga macho! Jamani, toka, mama, hili jambo litatafutiwa wazee!"

"Watafutwe," Selestina alisema.

Yusto alikuwa amegeuka ukutani, mkono usoni. Selestina alikaa kwenye kiti kilichoachwa na Ryoba, mbele yake. Alizitoa karatasi kifuani, akazipanga mezani moja baada ya nyingine.

"Hii ni ya mwaka ule wa kwanza. Soma tarehe. Ni wiki mbili kabla ya ushuhuda, na hapa chini vimeandikwa vidonge nilivyokuwa nameza. Hii ya mwaka jana. Hii ya mwezi uliopita. Wewe unaelewa namba. Tazama zinakokwenda."

"Mama, tafadhali," Yusto alisema kwa ukuta. "Stellah, mtoe mama yako."

Stellah alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Hakusogea.

"Utasema na karatasi nimefundishwa," Selestina alisema. Aliinama akafungua kitenge, akapandisha gauni hadi gotini, jambo ambalo hakuwa amelifanya mbele ya mwanamume tangu alipofiwa. Mguu ulikuwa mnene, ngozi imevutika inang'aa. "Nitazame, baba. Mara moja tu."

Ilichukua muda. Ryoba alikuwa ameshatoka nje, anasikika akiita jina la Mungu uani. Yusto aligeuza kichwa polepole, na kwa mara ya kwanza Selestina akayaona macho ya mwanamume aliyemzalia mjukuu: madogo, mekundu, yamezungukwa na uvimbe.

Selestina alibonyeza dole gumba kwenye muundi, akahesabu hadi tano, akalitoa. Shimo likabaki. Walilitazama wote watatu. Halikujaa haraka.

"Kopo nimekunywa miaka mitatu bila kukosa," alisema. "Mara tatu kwa siku. Kilichobaki ni hiki."

Yusto aliinama, akabonyeza mguu wake mwenyewe juu ya soksi, akatazama. Kisha akaufunika uso wake kwa mikono yote miwili.

"Umenifedhehesha, mama," alisema ndani ya viganja. Akaishusha mikono. "Kwa hiyo wiki hizi saba nilikuwa nakunywa nini?"

"Rosela na mlonge. Na maneno yangu."

Kesho yake asubuhi Ryoba, aliyekuwa hamtazami Selestina usoni, aliwatafutia gari. Yusto alikaa mbele na dereva, Stellah katikati, Selestina kiti cha mwisho kabisa, hadi Musoma. Samwel alichukua damu, akarudi baada ya saa moja akitembea haraka. Potasiamu ilikuwa imefika mahali pabaya. Mgonjwa alazwe sasa hivi, moyo uangaliwe, na damu isafishwe kabla jua halijazama.

Wodini Selestina hakuingia. Mkwe aliyelala kitandani, amevuliwa shati, ni jambo jingine kabisa, na wazee wa upande wa Yusto walikuwa bado hawajakaa kulizungumza lile la jana. Alikaa kwenye benchi la nje, mgongo kwenye ukuta. Simu ilikuwa imemletea ujumbe kutoka kwa Jenoveva, neno moja tu: "Amefika?" Aliandika, "Amefika," akashindwa kuongeza kitu.

Mlango ulifunguka. Stellah alitoka, kope zimelowa.

"Amegoma, mama. Anasema mashine ilimuua kaka yake. Daktari amemweleza, nesi amemweleza. Anasema hawataki hao." Akamshika mama yake bega. "Anasema useme wewe. Anasema kama wewe ukisema mashine ni salama, atakubali."

Selestina alimtazama mwanawe. Alitamani kucheka. Ukuta wa nyuma yake ulikuwa na joto la jua, na ghafla akahisi kama umesogea mbele, na ule wa upande wa pili wa varanda umesogea pia. Akisema ni salama na Yusto afe mchana ule, atakuwa amemuua kwa mara ya pili. Akisema si salama, atakuwa amemuua sasa hivi. Akinyamaza, saa zinakwenda.

"Mama, sema. Wanasubiri."

"Mwambie sijui."

"Mama!"

"Mwambie hivyo hivyo. Mimi mashine sijawahi kuwekwa. Ya kaka yake sikuiona. Sijui kama itamwokoa, na sitasema najua." Alishika mkono wa Stellah ili asiondoke kabla hajamaliza. "Mwambie kopo nalijua, kwa hiyo kopo namkataza. Mashine amuulize Samwel, amuulize kila swali, hata la kijinga, hata lile la kaka yake. Halafu aamue yeye. Na mwambie kwamba Samwel ameniambia, kwa hizi namba zangu, mwaka huu haujaisha na mimi nitalazwa humo. Mwambie naogopa. Hilo nalijua, nalisema."

Stellah aliingia. Mlango haukufunga vizuri, na Selestina akasikia manung'uniko ya sauti, ya Stellah kwanza, kisha ya Samwel, kisha ile nzito yenye pumzi fupi ikiuliza jambo, na jingine, na jingine. Samwel alijibu bila haraka. Swali moja lilikuwa na jina la marehemu kaka ndani yake.

Kisha magurudumu ya kitanda yakaanza kuzunguka. Stellah alichungulia mlangoni kwa mara nyingine.

"Amekubali. Watakuwa naye humo ndani kwa muda wa saa nne. Anasema usiondoke."

"Nitakwenda wapi," Selestina alisema, akaugeuzia uso ukuta ili kitanda kipite.